Fundi, Usinizimie Taa

Kuna taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi, yenye umbo la injini, ambayo hapa Bujumbura tunaitendea kama mtoto mkweli anayetolewa nje wageni wanapoingia. Ikiwaka, dereva hasemi kwamba gari linaumwa. Anasema gari "limewasha taa". Anampelekea fundi, fundi anachomeka kidude chake chini ya usukani, anabonyeza mara mbili, taa inazima, noti zinabadilisha mikono, wanaagana kwa furaha. Baada ya siku chache taa inawaka tena na dereva anarudi palepale. Hiyo ndiyo kazi inayoitwa matengenezo, na mimi naipinga. Nawapinga pia wale wanaoitetea kwa kusema kwamba magari ya haibridi ni ya Wajapani wenye pesa, yamejaa kompyuta, na kwamba anayeyaleta Burundi amejitafutia balaa mwenyewe.

Nitachukua kifaa kimoja tu, sensa ya oksijeni, maana ndiyo inayosingiziwa na kuonewa kuliko vyote. Fundi aliyefunzwa kwa Kifaransa ataiita sonda. Ni kitu kidogo, kinaingia kwenye kiganja, kimefungwa kwenye bomba la moshi kama buji inavyofungwa kwenye injini, na mkia wa nyaya unatoka nyuma yake.

Kazi yake si uchawi. Ili petroli iungue vizuri, kila gramu moja inahitaji gramu 14.7 hivi za hewa. Hewa ikipungua, mafuta mengine yanatoka bila kuungua. Hewa ikizidi, moshi unatoka na oksijeni iliyobaki. Sensa ina kichwa cha kauri ya zirkoni: upande mmoja unaguswa na moshi, upande wa pili unaguswa na hewa ya nje. Kauri hiyo ikipata joto la kutosha hulinganisha oksijeni ya pande hizo mbili na kutoa umeme mdogo sana. Moshi ukiwa na mafuta mengi inatoa karibu volti 0.9, na hewa ikizidi inashuka hadi karibu 0.1. Kompyuta ya injini inasoma umeme huo, inaongeza mafuta au inayapunguza, halafu inasoma tena, hivyo hivyo wakati wote gari linapotembea. Magari mengi ya karibuni yana sensa ya mbele inayopima kwa upana zaidi kuliko hiyo ya zamani, lakini kazi ni ileile. Kisha kuna sensa ya pili, nyuma ya katalaiza, yaani lile sega la kusafisha moshi, na hiyo ipo hasa kuangalia kama katalaiza bado inafanya kazi.

Wanaosema hii ni teknolojia mpya isiyotuhusu ningependa wajue kwamba Bosch ya Ujerumani ilianza kuitengeneza kwa ajili ya magari mwaka 1976, na magari ya kwanza kuitumia yalikuwa Volvo yaliyouzwa Marekani. Kifaa hiki kina umri wa kuitwa babu. Mafundi wengi wanaokiogopa kimewatangulia kuzaliwa.

Sasa haibridi. Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani mwezi Desemba 1997, na zile tunazoziona barabarani kwetu ni za miaka iliyofuata, zilizokwisha kutumika kwa wenyewe. Sifa ya gari hili ni kwamba injini yake ya petroli hulala. Ukisimama kwenye mzunguko wa barabara inazima, na ukitembea polepole nyuma ya lori mota ya umeme inaweza kukubeba peke yake. Ukiteremka kutoka Bugarama kuja mjini, unaweza kwenda mwendo mrefu bila injini kuchoma tone. Uzuri huo una gharama yake kwa sensa. Injini ikilala, bomba la moshi linapoa, na sensa inapoa nalo. Kauri iliyopoa haisemi kitu. Inataka joto linalozidi nyuzi 300. Ndiyo maana ndani ya sensa mmewekwa kipasha joto kidogo, waya unaopata moto kwa umeme wa betri, ili injini ikiamka sensa iwe tayari kusema.

Kwenye gari la kawaida kipasha joto kikifa, moshi wenyewe utaichemsha sensa baada ya muda, na safari ikiwa ndefu dereva hatahisi sana. Kwenye haibridi inayozunguka mjini, injini inafanya kazi kwa vipande vipande, dakika hii inawaka, dakika ile imelala. Kipasha joto kikifa hapo, kompyuta inabaki kipofu kwa sehemu kubwa ya safari. Kipofu huyo anaendesha kwa kukariri: anafuata kipimo kilichoandikwa kiwandani, tena kwa kawaida anaelekea kwenye kuzidisha mafuta kuliko kuyapunguza, ili injini isije ikaumia. Mafuta yasiyoungua yanakwenda kuungulia ndani ya katalaiza, inapata moto kupita kiasi, na baada ya muda inayeyuka au kuziba. Kwa hiyo sensa moja iliyopuuzwa inamwua jirani yake, na jirani huyo ana platinamu, paladiamu na rodiamu ndani yake. Bei yake haifanani hata kidogo na bei ya sensa.

Haya yote yangekuwa somo la fizikia tu kama tungekuwa mji wenye mafuta. Anayeishi Bujumbura hahitaji kuelezwa. Tumeona mwaka 2024 na 2025 magari yamelala kwenye vituo yakingoja petroli isiyokuja, abiria wakitembea kwa miguu kutoka kazini, na watu wakinunua mafuta kwenye chupa na madumu yaliyovuka mpaka kutoka Uvira kwa bei ambayo mwuzaji mwenyewe anaitaja kwa sauti ya chini. Katika mji kama huo, mtu aliyepata lita ishirini amepata mshahara. Halafu tunakubali gari limwage sehemu ya lita hizo kupitia bomba la moshi, kwa sababu fundi amezima taa na sisi tumeridhika kwamba dashibodi imetulia. Wakati ule ule tunalalamika kwamba serikali haileti mafuta. Tulalamike, ni haki yetu. Lakini hayo machache yaliyofika tunayafanyia nini?

Wazima taa wana njia zao, na ninazitaja kwa sababu wateja wengi hawajui walichonunua. Iliyo nyepesi ni kufuta kumbukumbu ya kompyuta. Namba ya kosa inatoka, taa inazima, kompyuta inaanza kujipima upya, na ikimaliza kujipima inakuta kosa liko palepale. Wengine wanakata nyaya na kuunga kitu cha kuidanganya kompyuta. Wengine, hasa sensa ya pili inapolalamika, wanaweka kipande cha bomba katikati ili kuivuta sensa itoke kwenye moshi, inuse kidogo tu na iseme mambo ni mazuri. Na wako wanaomaliza kabisa: wanapasua katalaiza, wanatoa sega lililo ndani, wanarudisha ganda tupu, na sega wanaliuza. Mwenye gari anaambiwa "tumelisafisha, sasa litapumua". Kweli linapumua, na sisi tunaotembea kandokando ya barabara tunapumua kilichotoka humo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Nina mfano wa nyumbani.

Mjomba wangu anaendesha teksi, Prius ya mwaka 2006 yenye usukani wa kulia. Taa ilipowaka alikwenda kwenye gareji ambayo sitaitaja. Wakaizima, akalipa. Ikawaka, wakaizima, akalipa. Mara ya tatu vilevile. Mara ya nne walimwambia kwamba betri kubwa ya haibridi imekufa, kwamba ndiyo inayofanya gari lile mafuta, na kwamba afadhali auze gari mapema kabla halijamsimamia barabarani. Mnunuzi walikuwa naye tayari! Msomaji atafakari hapo mwenyewe.

Mama ndiye aliyemshauri kaka yake ajaribu Buyenzi kwanza. Nilikwenda naye, maana nilikuwa likizo na nilitaka kuona. Buyenzi kila mtu anaijua: mtaa wa Waswahili, mtaa wa gareji na vipuri, ambako Kiswahili hakifundishwi darasani tu, kinapigwa nyundo na kupakwa grisi. Mzee tuliyempata alisikiliza hadithi yote bila kugusa gari. Kisha akauliza, "Mjomba, unataka taa izime au gari lipone? Bei zake hazifanani." Mjomba akajibu kwamba anataka gari lipone. Mzee akataja kwanza bei ya kupima, kabla ya kufungua boneti, na mjomba alinuna kidogo.

Mashine ilisoma P0031. Namba hiyo ina maana moja, si ishirini: umeme wa kipasha joto cha sensa ya kwanza uko chini kuliko inavyotakiwa. Haisemi betri kubwa imekufa. Wala haisemi moja kwa moja "badilisha sensa", na hapa ndipo nilipomheshimu yule mzee. Alitazama fyuzi. Alichunguza waya kuanzia kwenye plagi yake kuona kama umeungua au umeliwa na panya. Alipima kama umeme wa gari unaifikia plagi. Halafu akageukia sensa yenyewe na kupima ukinzani kati ya nyaya mbili za kipasha joto. Kipasha joto kizima huonyesha ohm chache. Hiki hakikuonyesha kitu, waya wa ndani ulikuwa umekatika. "Sasa nenda ukanunue," akasema, na akamwandikia mjomba namba ya kipuri.

Kubadilisha kwenyewe kulikuwa kazi fupi kuliko kupima, ila ina adabu zake kwenye haibridi. Gari la kawaida ukilizima limezima. Haibridi iliyoachwa katika hali ya kuwa tayari inaweza kuwasha injini yenyewe wakati mkono wako umo ndani. Kwa hiyo ufunguo ulitolewa ukawekwa mbali, na betri ndogo ya volti 12, ambayo kwenye Prius ile iko nyuma kwenye buti, ikafunguliwa. Nyaya nene za rangi ya machungwa hazikuguswa: humo mnapita umeme wa betri kubwa ya volti 201.6, nao hauna mzaha. Mafuta ya kulegeza kutu yalikuwa yamepakwa jana yake. Sensa ilifunguliwa bomba likiwa na uvuguvugu, kwa spana namba 22 yenye ufa wa kupitishia waya. Mpya ilianza kukazwa kwa vidole, ili isile nyuzi za skrubu, na spana ikaja mwishoni. Ile grisi maalumu ya nyuzi haikuruhusiwa kugusa kichwa cha kauri. Silikoni ya kuzibia ilikuwa marufuku karibu na kazi ile, kwa kuwa mvuke wake huiua sensa mpya kabla haijamaliza mwezi.

Baada ya hapo tu ndipo mzee alipofuta namba kwenye kompyuta. Kufuta kuna mahali pake, na mahali pake ni mwisho.

Mjomba ana daftari. Ni mtu wa kuandika lita na kilomita tangu zamani, si kwa ajili ya insha yangu. Kabla ya sensa mpya gari lilikuwa linakula lita 7 kwa kila kilomita 100. Baada yake, lita 5.3, barabara zilezile, abiria walewale, kiyoyozi kilekile. Tangi la Prius ile ni lita 45. Ukigawa utaona tofauti ya kilomita 200 hivi kwa tangi moja, yaani safari ya kwenda Gitega na kurudi. Kila alipojaza tangi, alikuwa anaitupa Gitega.

Sasa nasikia wanaonipinga, na nawajibu.

Wapo watakaosema: mwananchi hana pesa za sensa mpya, na kuzima taa ni nafuu. Nafuu ya mara ngapi? Mjomba alilipia taa mara tatu kabla hajalipia dawa mara moja, na petroli iliyopotea katikati sijaihesabu. Maskini ndiye asiyeweza kumudu fundi wa bei rahisi. Hata hivyo nakubali kwamba bei ya kipuri inauma, na hapo ndipo unapoingia mtego mwingine: sensa iliyotolewa kwenye gari lililochinjwa, imepanguswa ikang'aa. Kauri haing'ai kwa kupanguswa. Sensa huchoka kwa masizi, kwa injini inayochoma oili, kwa maji ya rejeta yanayovuja ndani, na anayekuuzia hawezi kukuambia ile imepitia lipi kati ya hayo. Kipo pia kipuri kipya cha bei ya kati, kisicho na plagi, ambacho fundi anakiunga kwa nyaya za ile ya zamani. Kinaweza kufaa kama aina yake ni sahihi, lakini akiunga kwa kuchomea risasi anaweza kuiharibu, kwa kuwa sensa nyingi huvuta ile hewa yao ya nje kupitia ndani ya nyaya. Nani anamwambia mteja hivyo?

Wapo pia watakaosema kwamba mafuta yetu ni machafu, sensa mpya itakufa tu. Hoja hii ilikuwa na nguvu zamani, wakati petroli ilipokuwa na risasi, ambayo huua sensa na katalaiza pamoja. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, iliacha mwaka 2021. Mafuta ya dumu yaliyochanganywa bado ni tatizo. Hiyo ni sababu ya kuogopa dumu.

Hoja moja naiheshimu. Inasema mafundi wetu hawana kosa peke yao, magari yanafika yamekwisha kuharibiwa. Ni kweli. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na nchi tajiri, na ukaguzi uliofanywa Uholanzi wakati huo ulikuta baadhi ya magari yanayoelekea Afrika yamekwisha kung'olewa katalaiza. Gari la namna hiyo likiwasha taa ya sensa ya pili, unaweza kubadilisha sensa kumi na taa isisikie. Sensa inasema kweli: kitu ninachokilinda hakipo. Ndiyo maana simwungi mkono fundi anayebadilisha kila kifaa ambacho mashine imekitaja. Mashine inamtaja shahidi, na shahidi si lazima awe mwizi. Bomba la moshi lenye tundu mbele ya sensa linaingiza hewa na kuifanya sensa iseme "hewa imezidi", na fundi mvivu anainyonga sensa.

Neno langu la mwisho ni kwetu sisi tunaosoma Kiswahili. Nimeandika insha kuhusu ushairi, kuhusu ngeli, kuhusu historia ya lugha, na nimependa. Lakini yule mzee wa Buyenzi anafanya kazi yake yote kwa Kiswahili na hana ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kumsaidia. Mashine inamwandikia kwa Kiingereza, maandishi ndani ya gari ni ya Kijapani, kitabu alichonacho ni cha Kifaransa tena cha gari jingine. Nilimwuliza anaiitaje hali ya kompyuta kuendesha bila sensa. Akasema, "Gari linakwenda kwa kukariri." Neno hilo nimelitumia hapo juu na sijaona bora kuliko hilo. Wanafunzi wawili wenye daftari wakikaa wiki moja Buyenzi watarudi na msamiati ambao hakuna kamusi yetu iliyonao, na wakiuandika pamoja na maana za namba ishirini za makosa zinazojirudia zaidi, karatasi hiyo itabandikwa ukutani kwenye gareji na itasomwa kuliko insha zetu zote, hii ikiwemo.

Lakini karatasi haitoshi maadamu sisi wateja tunalipa kwa namna tunayolipa sasa. Tunalipia kipuri, tunalipia jasho, hatulipii kufikiri. Fundi anayepima saa nzima na kugundua ni fyuzi ya bei ya pipi tunamwambia "hujafanya kitu". Anayefuta namba kwa dakika mbili tunamlipa, kwa kuwa tumeona taa ikizima kwa macho yetu. Katika hali hiyo, mzima taa anafanya biashara ambayo sisi wenyewe tumeiagiza. Kila gareji ingebandika ukutani bei mbili, ya kupima na ya kubadilisha, na ile ya kupima ilipwe hata kama hakuna kilichobadilishwa. Na mteja apewe kipande cha karatasi chenye namba iliyosomwa, kabla haijafutwa.